Geneva Niliyotembezwa kwa Simu

Kuna mji mmoja wa Ulaya ninaoujua vizuri kuliko Durban, na sijawahi kuukanyaga. Najua kwamba ukivuka daraja kubwa, ziwa likiwa mkono wako wa kushoto, unatokea kwenye bustani yenye saa iliyopandwa maua, na mishale yake inazunguka kweli na kuonyesha wakati. Najua kwamba siku ya upepo mkali wanalizima lile bomba kubwa linalorusha maji juu angani, maana maji yangewaangukia wapita njia. Najua pia mahali pa kusimama ili uone mlima wenye theluji, na miezi ambayo hakuna haja ya kusumbuka kuutafuta kwa sababu ya ukungu. Yote hayo niliyajua nikiwa sebuleni kwetu Queensburgh, hapa Durban, simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, kila Jumapili tukitoka kanisani.

Aliyekuwa akitutembeza ni mume wangu. Alikwenda Geneva na ujumbe wa kanisa, mkutano wa wiki moja. Wenzake walirudi, yeye akabaki kuomba hifadhi. Sisemi alitutoroka, kwa sababu tulipanga sote wawili, jikoni, tukinong'ona watoto wasisikie. Durban ilikuwa imetuchosha. Mtu aliyesomea ualimu kwetu Bukavu alikuwa akipakia mizigo kwenye ghala moja huko Mobeni, na kila yalipotangazwa maandamano dhidi ya wageni, alilala viatu vyake vikiwa tayari mlangoni. Mpango ulikuwa rahisi. Yeye atangulie, apate karatasi, kisha atuite mimi na binti zetu wawili. Kuanzia siku ile aliyopanda ndege, maisha yangu yote yalikuwa swali moja tu: tunaondoka lini?

Mimi si mtu wa kungoja. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Nikiwa na jambo linalonisubiri siwezi kukaa, nitapanga upya kabati ambalo nililipanga jana, nitafua mapazia masafi. Sasa fikiria mtu wa aina hiyo anaambiwa kila wiki, "Bado kidogo."

Ubaya ni kwamba sikungoja peke yangu. Sisi Wakongomani wa hapa, mtu akishajulikana anaondoka kwenda Ulaya au Amerika, vitu vyake vinapata wenyewe wapya kabla hajafunga sanduku. Hakuna anayeona aibu, ni desturi, na sisi wenyewe kitanda chetu tulikipata hivyo hivyo kwa familia iliyokwenda Kanada. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama mmoja wa kanisani kwetu anayeuza simu mjini, alikuwa wa kwanza. Alikuja siku ya tatu, akaketi, akanywa chai, akalitazama friji kwa macho ya upole.

"Mukienda, ile frigo mutaniachia miye, eh? Usisahau, mama."

Baada yake akaja wa makochi, na wa jiko, na mwingine wa televisheni. Kila nilichokigusa humo ndani kilikuwa na mwenyewe. Mtoto akiupiga mlango wa friji kwa nguvu, nilikuwa namkemea kana kwamba tumeazima. Sahani zilipovunjika sikununua nyingine. Pazia la chumbani lilipochanika nilifunga fundo, nikajiambia hakuna haja, tunaondoka. Binti mkubwa aliomba kuingia kwenye kwaya ya shule, nikamkatalia, kwa nini aanze kitu ambacho hatakimaliza? Nilikuwa nimesimama mguu mmoja ndani na mmoja nje, na nilisimama hivyo mpaka kiuno cha roho kikaniuma.

Jumapili ndiyo iliyokuwa dawa. Saa zetu na za kule hazipishani sana, kwa hiyo alikuwa anatupigia mchana, na kazi yetu ilikuwa kutazama tu. Alikuwa na kipaji cha kutembeza watu, mwalimu ni mwalimu.

"Leo tunaenda wapi, papa?" binti zetu walikuwa wanauliza.

"Leo tunaenda kwenye échecs. Ngojeni muone."

Akawaonyesha bustani ambako watu wazima wanacheza mchezo wa sataranji chini kwenye sakafu, kete zao zinafika magotini, na mzee mmoja aliyevaa kofia alibeba farasi mikononi kama anabeba mbwa. Jumapili nyingine alitupeleka kwenye benchi moja la mbao lililo refu ajabu, akaanza kutembea kutoka mwanzo wake, simu ikitikisika, binti zetu wakicheka na kuuliza kama limekwisha, naye akijibu bado. Alitupeleka kwenye gati ambako watu wanaogelea hata wakati wa baridi, tukamwona mama mmoja mnene anatoka majini mwekundu kama nyanya, anacheka peke yake. Alitupeleka kwenye makumbusho ya wanyama waliokaushwa. Alituonyesha mashua ndogo za njano zinazovusha watu kutoka upande huu wa ziwa hadi ule, na kanisa kubwa la zamani kilimani.

"Panda juu kwenye mnara, papa!"

"Juu wanalipisha. Na hapa chini ndiyo iko muzuri zaidi."

Binti zetu waliridhika, na mimi niliridhika. Sikuona hata mara moja kwamba kila alichotuonyesha kilikuwa cha bure. Zile mashua tulizitazama mara nyingi zikiondoka, lakini hatukupanda hata moja.

Nakiri nilikuwa najivuna. Ninasuka nywele kwenye saluni moja Pinetown, na kazi ya kusuka ni mikono na mdomo. Mteja akikaa saa nyingi mbele yangu, lazima nimpe kitu cha kusikiliza, nami nilikuwa nawapa Geneva. Wakongomani wenzangu wa pale saluni waliyajua maziwa yetu ya nyumbani, wakaniuliza ziwa la huko likoje. Nilikuwa nawaambia ni jembamba, limepinda, maji yake yanaonekana mpaka chini, na bata wakubwa weupe wanatembea juu yake bila kuogopa mtu. Bahari ya Durban ilikuwa pale pale, na tangu mume wangu aondoke sikuwa nimewapeleka watoto hata siku moja. Niliona kama ni kupoteza muda, kuzoea kitu ninachokiacha.

Siku moja alikuja mteja Mkenya, mwalimu wa chuo kikuu, mama mpole anayependa rasta nyembamba. Nilipoanza hadithi zangu alifurahi, kumbe aliwahi kwenda Geneva kwenye kongamano.

"Aki umenikumbusha," akasema. "Mimi niliona ile saa ya maua na airport tu, the rest ilikuwa mikutano."

Tukaongea vizuri sana. Nilimwambia ya benchi, ya sataranji, ya mama mnene wa baridi, naye akacheka mpaka nikamwomba atulie kichwa. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu yeyote angeuliza:

"Sasa mzee wako anakaa mtaa gani huko?"

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Karibu na ziwa," nikaendelea kusuka, lakini vidole vilikuwa vimeanza kuharibu, nikafumua rasta moja mara mbili. Nilijua rangi ya mashua. Nilijua maua ya ile saa yanabadilishwa. Sikuwahi kuuona mlango wa mume wangu, wala dirisha lake, wala kikombe chake cha chai. Kwa muda wote ule, mtu ambaye nyumbani hakuweza kula bila kuvua viatu, sikumwona hata siku moja bila viatu.

Niseme ukweli, jambo la kwanza lililonijia ni mwanamke. Ndivyo tunavyofikiri. Mwanamume haonyeshi nyumba kwa sababu ndani ya nyumba kuna mtu. Wiki ile nilikuwa sifai. Niligombana na dada wa taulo pale saluni, niligombana na dereva wa teksi kwenye robot, zile taa za barabarani, nyumbani nilihamisha makochi ya watu kutoka ukuta huu hadi ule na kuyarudisha. Usiku nilikuwa namtengeneza huyo mwanamke kichwani, nampa sura, nampa mapazia mazuri yasiyo na fundo.

Jumapili ikafika. Niliwatuma binti zetu wakacheze uani. Alipotokea kwenye simu nyuma yake palikuwa na lile bomba la maji, juu kabisa, jeupe.

"Watoto wako wapi? Leo mlima iko clair, inaonekana yote, nataka—"

"Leo sitaki mlima. Nionyeshe mahali unalala."

Akacheka kidogo. "Chérie, iko mbali na hapa."

"Basi tembea. Niko nangoja."

"Kule chini hakuna réseau, simu haishiki."

"Chini wapi?"

Niliona ameangalia pembeni, kule wanakopita watu na watoto wao na aiskrimu. Kisha akakaa kwenye ukingo wa ukuta, akaishusha simu, nikaona kidevu chake na mbingu.

Akaniambia. Kwanza alikaa nyumba ya waombaji hifadhi, wanne chumba kimoja, hiyo haikuwa mbaya. Lakini ombi lake lilikataliwa, tangu kabla ya Noeli. Akakata rufaa, nayo ikakataliwa. Ilibidi atoke. Sasa alikuwa analala kwenye handaki. Mji ule una mahandaki chini ya shule na chini ya majumba, yalichimbwa kwa ajili ya vita ambavyo havikuja, na humo wanawalaza watu wasio na pa kwenda. Jioni wanafungua mlango, asubuhi wanawatoa wote.

"Na mchana kutwa?" nikauliza.

"Mchana niko natembea."

Hapo ndipo nilipouelewa mji wangu. Makumbusho ya wanyama yalikuwa ya siku za mvua, maana ndani kuna joto na hawalipishi. Benchi refu lilikuwa la asubuhi, kwa sababu linapata jua mapema. Kwenye sataranji mtu anaweza kusimama saa nzima akitazama na hakuna atakayemuuliza anataka nini. Nilidhani ananitembeza, kumbe alikuwa anapitisha siku, na Jumapili alikuwa anatuita tupitishe pamoja naye.

Nilimwambia ashuke huko chini, arekodi, anitumie. Alikataa. Nikamwambia asipotuma asinipigie tena. Sina maneno laini nikikasirika. Jioni ile, kabla sijawapakulia watoto, ikaingia video. Mlango wa chuma, mnene kama wa benki. Ngazi. Taa nyeupe zinazoumiza macho. Vitanda vimepandana, vitatu vitatu, kama rafu za lile ghala la Mobeni, na soksi za watu zimetundikwa kwenye vyuma. Hakuna aliyekuwa anazungumza humo. Kamera ikafika kwenye kitanda cha katikati, begi lake likiwa limefanywa mto, ikasimama. Niliona vidole vyake vikinyoosha blanketi, kwa sababu mgeni amekuja.

Nilipiga, nikampata nje. Nikampandishia sauti mpaka jirani wa juu akagonga sakafu yake. Sikumgombeza kwa sababu ya handaki. Nilimgombeza kwa sababu ya pazia, ya kwaya ya mtoto, ya mwaka mzima niliokaa kwangu kama mgeni.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Sikudanganya. Yote niliyoonyesha iko kweli."

Na ilikuwa kweli, hilo ndilo lililonitia wazimu.

"Mulikuwa munafurahi," akasema polepole. "Kwa wiki yote, ile ndiyo ilikuwa saa yangu moja ya kuwa papa wa watu."

Nilikaa chini. Hasira haikuisha, lakini ilikosa pa kushika. Kumwambia mtu arudi Durban si jambo dogo. Nilikuwa nakumbuka viatu mlangoni. Nilijua akirudi nitaanza tena kusikiliza kila mlango wa gari unaofungwa nje. Kama angepigwa hapa, ningejua ni mimi niliyemwita. Nikawaza hayo yote, na bado sikuweza kumwacha kwenye rafu.

"Rudi," nikamwambia.

"Nirudi na nini? Mikono mitupu? Watu watasema nini?"

"Watasema. Kisha watachoka."

"Na Ulaya?"

"Hatuendi Ulaya. Mimi na watoto hatuendi. Nimekuambia leo ili usingoje kwa ajili yetu."

Alilia. Nami nililia, na nilifurahi kwamba watoto wako bafuni na maji yanamwagika. Lakini kulikuwa na kitu kingine pia, nakisema kama kilivyokuwa: kwa mara ya kwanza tangu aondoke, nililala bila kugeuka geuka.

Kesho yake nilipanda ngazi kwa jirani, nikamwambia hatuondoki tena. Nilitegemea aone vibaya. Alinitazama, akasema, "Eish, pole, mama," akanifungia maandazi kwenye karatasi. Jumamosi nilinunua pazia jipya na sahani. Binti mkubwa aliziangalia zile sahani, akaniangalia, akauliza kama sasa anaweza kuingia kwaya. Nikamwambia aende.

Kule kuna ofisi inayomsaidia mtu anayetaka kurudi kwa hiari yake, ikampatia tiketi. Taratibu zilichukua muda, na Jumapili zile za katikati hakutuonyesha kitu. Aliiegemeza simu mahali, tukaongea tu, mara nyingi tukakosa la kusema. Binti mdogo alilalamika kwamba papa amekuwa mchovu.

Alifika asubuhi moja ya baridi, kwa vile Durban nayo ina baridi yake, na begi lile lile. Alikuwa amekonda, na alikuwa anatembea haraka haraka hata ndani ya nyumba, kutoka chumbani hadi jikoni na kurudi, ikabidi nimshike mkono nimkalishe. Alifungua madirisha yote. Nilivaa sweta nikayaacha wazi.

Mchana watu wakaja, maana mtu aliyetoka safari hawezi kuachwa peke yake, hata kama safari imeharibika. Nilikuwa nimepika sombe, majani ya muhogo, na samaki, makochi yakajaa, vijana wakakaa chini. Wengi walijua amerudi mikono mitupu na walikuwa na adabu ya kutouliza. Walimuuliza Ulaya ikoje. Akaanza kuwasimulia. Nilimsikiliza nikiwa mlangoni, na sauti yake ilikuwa ile ile ya Jumapili. Watu walicheka habari ya mama mnene wa baridi. Binti zetu walikuwa wanamsahihisha, hapana papa, mzee wa kofia alikuwa na farasi, siyo mfalme. Akasahau jina la bustani moja, nikamkumbusha mimi. Nilimwona amenyoosha mgongo, na niliwaza: mwache awe nayo hii, wacha ibaki hivi.

Ndipo jirani yetu wa juu akaweka sahani magotini, akauliza.

"Na weye papa, ulikuwa unakaa wapi? Nyumba iko namna gani kule?"

Mkono wa mume wangu ukasimama juu ya glasi. Watu waliendelea kutabasamu, wakingoja. Nami niliyepiga kelele mpaka akanionyesha lile handaki, niliyemuuliza kwa nini alinidanganya, nikajibu haraka kabla yake.

"Karibu na ziwa," nikasema. "Kwa miguu hata si mbali."

Akanigeukia. Sikujua kama ananishukuru au ananilaumu. Aliiweka glasi chini.

"Hapana, mama," akamwambia jirani. "Nilikuwa nalala chini ya udongo, na watu wengi, bila dirisha. Mke wangu anajua. Aliona."

Nilitaka kulia mbele ya watu wote wale. Nikaenda jikoni kuongeza chai.